Koti la Papa Prospère

Kila anayeingia chumba changu cha mbele husema, "Ah, Mama Alphonsine, hii ni utajiri!" Kisha anakwenda zake na kuniachia vumbi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kitambaa anisaidie kufuta.

Niliwafundisha wasichana wa Kalemie kushona hadi macho yakagoma. Nilipostaafu nikaanza kukusanya nguo za kale: magauni ya komunyo ya enzi mji ukiitwa Albertville, abakosti, yale makoti yasiyofungiwa tai, za mabwana walioogopwa, vitenge vya sherehe ambazo hazikumbukwi tena, makasi ya masista na subana zao zilizotobolewa na sindano. Nilidhani nitapumzika. Kumbe nguo kuukuu zinataka kuuguzwa. Leo nondo, kesho unyevu wa ziwa, na kila jua likiwaka ni kuanika na kukunja. Nimechoka mimi.

Nililolipenda kuliko yote ni koti la kaki la mkuu wa stesheni ya treni, lenye vifungo vya shaba, kola iliyolika shingoni na kiwiko kinachong'aa kwa kuegemea meza. Mkuu mwenyewe, Papa Prospère, alilileta siku alipoacha kazi. Alilitupa juu ya kiti changu akaondoka bila kugeuka. Nikasema moyoni, masikini, uchungu wa kuachana nalo umemshinda.

Mwezi uliopita alirudi kwa pikipiki, dereva akimshika mkono hadi mlangoni. Pumzi yake ilikuwa fupi.

"Mama, munganga wa hopitali amenirudisha ku nyumba nifie kule," akasema. "Batoto banataka nizikwe na koti yangu ya kazi. Njo maana nimekuja kuiomba."

Hapa kwetu nguo ya marehemu hukatwa mgongoni kwa makasi, ili mwili uliokakamaa uvishwe, na ili mwizi wa makaburi asipate cha kuvaa. Nimeshika makasi hayo mara nyingi, na najua sauti yake. Koti langu lichanwe kutoka kola hadi chini! Lakini mwenye koti ni yeye. Ningekataa kwa mdomo gani?

"Limetoboka, Papa," nikamdanganya. "Uniachie kwanza nilitengeneze."

Nikanunua kaki iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, nikalipima koti la zamani kila upande, nikashona jingine. Vifungo vya shaba nilikuwa navyo vya akiba. Kaki niliichovya kwenye chai ichakae, kiwiko nikakisugua kwa jiwe. Niliona aibu kutwa nzima, ila mashine haikusimama. Mzee yule anakufa, nami namtengenezea uongo wenye mifuko minne.

Alipokuja kulijaribu, nilimvisha mwenyewe. Akainua mikono, akapapasa kola, akatia vidole mfukoni.

"Hii haiko ile."

"Papa, unisamehe. Ile watakuja kuikata, nami…"

"Acha, Mama. Miye niliogopa utanipa ile ya kweli." Akashika ukingo wa meza apate pumzi. "Mutoto wangu wa kwanza alikufa ku hopitali, miye niko ndani ya ile koti, nangojea treni ya Nyunzu. Walikuja kuniita mara mbili. Nikasema, treni kwanza. Na treni yenyewe haikufika ile siku." Akatazama chini. "Batoto habajue. Banaona ni koti ya heshima. Ningewaambia nini? Lakini hii yako haina kitu ndani. Hii njo nitaenda nayo."

Ningepaswa kufurahi, kwani koti lilikuwa limebaki kwangu. Badala yake hasira zilinipanda. Miaka yote hii nimepiga pasi msiba wa mtu nikidhani natunza fahari yake! Na hayo mengine yaliyojaa rafu, nani alinipa kwa mapenzi, na nani alikuwa anatafuta pa kutupia? Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa naangalia mishono tu.

Papa Prospère alianza kufunga vifungo vyake kimoja kimoja, ameridhika kabisa. Akazungusha macho chumba kizima, kutoka magauni hadi makoti.

"Na ya kwako njo gani, Mama? Ile utavaa siku yako?"

Nikatazama pamoja naye. Hili la sista, lile la bibi arusi wa Kongolo, lile la karani wa bandari. Nimewashonea wazima na wafu wa mji huu, na ya siku yangu mwenyewe sijawahi kukata hata kipande.

"Sina, Papa," nikasema, na machozi yakanitoka mbele yake kama mtoto.

Hakuniambia ninyamaze. Alivuta kiti akakaa, koti lake jipya mwilini, akanisubiri nimalize.