Mkono Juu ya Kiboksi

Birika lilikuwa linatoa mvuke. Kipimajoto cha kioo ndani yake kilisimama kwenye nyuzi tisini na tisa, na kompyuta yetu ilisema mia na saba.

"Hayo si maji, Dada," Kinyozi alisema. "Hayo ni mafuta ya kukaangia."

Kinyozi ndiye mwenzangu wa meza katika masomo ya jioni. Mchana ananyoa vichwa, mimi alfajiri naoka mikate. Jioni tunakutana chuoni, yeye na nywele za watu mabegani, mimi na unga kwenye nyusi. Mtihani wetu ulikuwa mmoja tu: kupima joto kwa kompyuta, na jibu lisipishane na kipimajoto cha kioo zaidi ya uzi mmoja. Mtahini alikuwa ameshafika, yuko chumba cha pili anakunywa chai na mwalimu wetu. Tukishindwa, tunarudia mwaka. Mume wangu alikubali kukanda unga peke yake mwaka huu mmoja, tena kwa kuguna kila asubuhi. Mwaka wa pili nisingethubutu hata kumwomba.

Mtambo wenyewe si wa kutisha. Nyaya mbili nyembamba za madini tofauti zimeunganishwa ncha, na ncha hiyo inazama majini. Miisho yake ya pili imefungwa kwa skrubu kwenye kiboksi. Kiboksi kinaongea na kadi iliyo ndani ya kompyuta, na kadi inageuza umeme ule mdogo wa nyaya kuwa namba kwenye skrini.

Nilikaza skrubu zote. Kinyozi akahakikisha nyaya hazikubadilishana skrubu. Zingebadilishana, namba ingeshuka kadiri maji yanavyopata moto. Aina ya waya tuliyochagua kwenye programu ndiyo iliyoandikwa kwenye pakiti. Tukachovya ncha na kioo kwenye bakuli la barafu: kioo sifuri, skrini nane. Tukavirudisha birikani.

"Kwenye moto nane, kwenye baridi nane," Kinyozi alisema. "Basi tuitoe nane kwenye programu, na sisi tukanywe chai."

"Na kesho ikiwa sita?"

"Kesho mtahini atakuwa kwao."

"Mimi siuzi mkate huku nimeegemeza kidole kwenye mizani."

"Wewe na mizani yako! Haya, ongea na Bosi wako wa juu, maana mimi nimeishiwa."

Sikungoja aniambie mara mbili. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha tanuri, huwa naweka kiganja juu ya bakuli la unga na kuomba. Ndivyo nilivyozoea, kugusa kile ninachokiombea. Nikaweka kiganja juu ya kiboksi, vidole vikifunika zile skrubu, nikafumba macho. Niliomba taratibu, kwa ajili ya akili yangu nzito, kwa ajili ya kadi, kwa ajili ya mume wangu na mikono yake.

"Dada," Kinyozi alinong'ona. Nikaendelea. "Dada! Usiseme amina!"

Nikafumbua jicho moja. Mia na tano. Mia na nne.

"Inashuka! Ombea na majirani!"

"Kinyozi, usifanye mchezo na sala."

"Mchezo gani? Mia na tatu! Ukimalizia na ukoo mzima wa shemeji, tumefaulu!"

Nilicheka mpaka mkono ukateleza. Namba ikaanza kupanda tena, polepole. Nikarudisha mkono, safari hii kimya, bila kuomba lolote. Ikashuka vilevile.

"Kumbe hata bila maneno," Kinyozi alisema, kama aliyevunjika moyo kidogo.

Basi kilichoshusha namba ni kiganja. Kiganja kina joto, lakini hakikugusa maji. Maji yalikuwa kule kwenye birika. Kiligusa kiboksi. Hapo ndipo nikalielewa somo la mwalimu ambalo nilikuwa nimelinakili tu: nyaya hizi hazijui joto la ncha peke yake. Zinajua tofauti iliyopo kati ya ncha iliyo majini na miisho iliyo kwenye skrubu. Programu inachukua tofauti hiyo, inajumlisha joto la kiboksi, ndipo inapata joto la maji. Ikidanganywa kuhusu kiboksi, na yenyewe inadanganya.

"Tuliiambia kiboksi kina joto gani?" nikamuuliza Kinyozi.

"Ishirini na tano. Nilisoma kwenye kipimajoto cha ukutani, pale karibu na mlango."

Tukatazama juu kwa pamoja. Kiboksi kilikuwa chini ya kiyoyozi, kinapulizwa moja kwa moja. Ni mimi niliyekiweka hapo. Tanuri limenifundisha kwamba joto linaharibu vitu, nikakionea huruma, nikakitafutia mahali penye ubaridi. Nikatoa kipimajoto cha kioo birikani, nikakilaza kando ya kiboksi, tukasubiri. Kumi na saba.

Kinyozi akahesabu kwa vidole, vikabaki nane. "Dada, umekipa mafua kiboksi cha watu!"

Kiboksi kile kina kihisi chake kidogo cha joto, kando ya skrubu. Sisi hatukukipa nafasi ya kusema. Tuliandika namba yetu wenyewe. Kinyozi akakichagua kwenye programu badala ya ile ishirini na tano, mimi nikahamisha kiboksi mbali na upepo. Nikarudisha kioo birikani, likachemka tena. Kioo tisini na tisa. Skrini tisini na tisa.

Mlango ukafunguliwa. Mtahini alikuwa mama mrefu, miwani imening'inia kifuani.

"Nimesikia vicheko. Kuna arusi humu?"

Akaivaa miwani, akatazama birika, akatazama barafu, akatazama skrini. "Mwalimu wenu ameniambia ilikuwa inawasumbua. Mmegundua vipi?"

"Dada alikiombea, mheshimiwa," Kinyozi alisema. "Kikatubu."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini nikaeleza yote, kiganja na kiyoyozi na ile ishirini na tano. Mtahini hakucheka.

"Weka mkono tena."

Nikaweka. Namba ikayumba kidogo, kihisi kikalitambua joto la kiganja, ikarudi tisini na tisa, ikatulia.

"Mmefaulu," alisema. Alipofika mlangoni akageuka. "Na ile sala, mama, uliimaliza?"

Ndipo nikakumbuka kwamba Kinyozi alikuwa amenikatiza.

"Amina," nikasema, mkono ukiwa bado juu ya kiboksi.

Kinyozi akaangalia skrini kwanza, kisha naye akaitikia.