Kipikipiki cha Kwenda kwa Rashidi

Mume wangu Rashidi alikuwa ameshazikwa, eda nimeikaa nikaimaliza, na bado sikuwa nimeliona kaburi lake. Kwetu siku ya maziko wanaume hubeba jeneza wakaenda zao, sisi wanawake tukabaki nyumbani na masufuria na vilio. Sikulalamika. Lakini eda ilipokwisha nilitaka kwenda kwake, kwa sababu nilikuwa na maneno naye. Mtu mliyekaa pamoja miaka yote ile hawezi kuondoka asubuhi, chai ikiwa mezani, bila hata kuaga, halafu mimi ninyamaze.

Makaburi ya kwao yako upande wa Kwihara, nje ya mji wetu wa Tabora, kwenye njia ya misafara ya zamani. Babu zetu walitoka huku wakaenda mpaka pwani kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Mimi mjukuu wao goti linanigomea nikifika sokoni. Basi nikamwomba shemeji yangu Awadhi, mdogo wake Rashidi, anipeleke kwa pikipiki yake.

"Shemeji, wanawake hawaendi makaburini," akasema.

"Mama Zuena si ameenda kwa mumewe juzi juzi? Na sheikh kamwombea safari njema."

"Mama Zuena ni Mama Zuena. Kwetu hapana."

Huyu Awadhi, sikufichi, Ramadhani huifunga kwa kulala kutwa nzima mpaka adhana ya magharibi. Leo ghafla amekuwa mwanachuoni. Na kwa bahati yangu mbaya ndiye mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale Mtendeni, akapitisha neno kwa wenzake wote kwamba shemeji yake akitaka kwenda Kwihara asipelekwe. Nilipanda ya mmoja wao nikamwambia nafuata asali huko. Akanizungusha mji mzima, akanishusha mlangoni kwa Awadhi. Na nauli akadai.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema, Tunu mimi, kwa mume wangu nitakwenda, na nitajipeleka mwenyewe.

Pale Ng'ambo, jirani na ninaposhonea, kuna bwana mmoja anaitwa Fikiri. Anauza mitumba ya vyombo: friji zisizogandisha, pasi zisizopata moto, baiskeli za mazoezi ambazo hata zikiwa nzima haziendi popote. Katikati ya friji mbili nikaiona. Pikipiki kamili, nyekundu, ina taa, ina breki, ina ekzosi ya kutolea moshi, ila urefu wake uliniishia magotini.

"Hii ya watoto?" nikauliza.

"Hapana, mama. Ya watu wazima. Huko ilikotoka wanashindana nayo mbio."

"Watu wazima wa huko hawana miguu?"

"Wanayo, wanaikunja." Fikiri akaipangusa vumbi kwa shati lake. "Haina gia, haina klachi. Unavuta kamba hii hapa ubavuni, inawaka, unakaa, unapinda mkono, unakwenda. Hata wewe utaiweza."

Bei yake ilikuwa ya beberu mmoja wa mnadani, tena beberu mwenye kasoro. Nikanunua. Maishani sikuwa nimeendesha kitu chochote isipokuwa cherehani. Rashidi alikuwa na pikipiki tangu ujana wake na hakunifundisha hata siku moja. Alisema mwanamke anapendeza akikaa nyuma. Nikakaa nyuma, nikapendeza, mpaka makalio yangu yakalijua kila shimo la Tabora.

Kujifunza nilijifunzia uwanja wa nyuma ya nyumba, shahidi wangu akiwa jirani yangu Bertila anayeuza karanga. Petroli ya kitu kile huchanganywa na oili humo humo kwenye tangi, kwa hiyo kikiwaka kinatoa moshi wa kufukuza mbu wa mtaa mzima. Kamba niliivuta mpaka bega likalia. Kikawaka, kwa kelele ambazo sikuzitegemea kwa umbo lile. Nikakaa, nikaushika mkono wa mafuta kwa nguvu zote kama mtu anayekamua nguo. Kipikipiki kikaondoka. Mimi nikabaki.

Kilikwenda peke yake kikaingia kwenye karanga za Bertila zilizoanikwa juani, kikalala ubavu, kikaendelea kuunguruma humo ndani.

"Tunu, umekufa?" Bertila akauliza bila kunyanyuka kwenye kigoda.

"Bado."

"Basi njoo uokote karanga."

Mara ya pili baibui langu likaliwa na mnyororo, nikarudi ndani na nusu baibui. Mara nyingine ekzosi ikaniunguza kifundo cha mguu nikatukana mbele ya watoto wa watu. Siku nguo za marehemu zilipogawiwa nilikuwa nimeficha suruali yake moja chini ya godoro, ya kulalia nayo tu nimnuse. Nikaitoa, nikaivaa ndani ya gauni, nikafunga kanga kiunoni. Ilinipwaya kiunoni na kunibana nyuma, lakini mnyororo haukuipata.

Taratibu nikaelewa. Mkono wa mafuta haukamuliwi, unabembelezwa. Breki ya mbele ukiishika peke yake unaruka juu kwa juu. Na macho uyapeleke unakotaka kwenda, maana ukilitazama shimo, shimoni utaingia. Bertila akaacha kucheka, akaanza kuniuliza kama na yeye atapewa zamu. Nikazunguka uwanja mzima bila kuanguka, nikazunguka tena, na siwezi kudanganya, nilifurahi. Furaha ya kwanza tangu msiba ilinijia magoti yakiwa masikioni.

Siku ya safari niliondoka asubuhi, kofia ngumu ya Rashidi kichwani juu ya kilemba. Gongoni watu walitoka madukani. "Mama, umeikalia au imekukalia?" mmoja akapiga kelele. Trafiki akanyoosha mkono anisimamishe, akanitazama, akaushusha mkono. Nadhani hakujua angeandika nini. Nilipopita Mtendeni, pale kijiweni bodaboda walisimama wima wote, na mmoja nikamwona anatoa simu haraka haraka. Mpigie, nikasema moyoni. Mpigie na mkuu wa mkoa.

Nje ya mji lami ilipokwisha ndipo nilipojua kwa nini mbio za vitu vile hufanyika huko vilikotoka. Vigurudumu vyake vikiingia kwenye mchanga vinazama. Nilianguka pembeni ya shamba la tumbaku, nikaanguka tena mbele kidogo. Lori likanipita karibu nikasoma kila dua niliyofundishwa madrasa na nyingine nikazitunga. Lakini pikipiki ya bei ya beberu ina faida yake: ikikataa kwenda, unaikokota kama beberu. Nikakokota, nikapanda, nikakokota, mpaka nikayaona makaburi kati ya miti ya miyombo.

Yalikuwa mengi, na mvua zilikuwa zimeyapunguza urefu. Sikupata shida. Moja lilikuwa limejitofautisha na wenzake, limezungushiwa mawe, limekaa kwa kujidai. Nikasema huyu ndiye. Nikamsalimia, nikaketi chini, nikavua kofia, nikaanza.

Nikamwambia, Rashidi, chai niliimwaga mwenyewe. Nikamwambia ameniachia kitanda kikubwa na ukimya mwingi, na kwamba mdogo wake ni mjinga. Nikamwambia, uliniambia napendeza nikikaa nyuma, haya, nimekuja mbele, na suruali yako nimeivaa na imepasuka matakoni kwa ajili yako. Kisha nikalia kilio ambacho sikukilia siku ya msiba, maana siku ile nilikuwa nawaelekeza watu sufuria za pilau zilipo.

Mlio wa pikipiki kubwa ukanikatiza. Awadhi akashuka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

Alisimama mbali, akalitazama kaburi nililokaa karibu nalo, akatazama la pembeni, akatazama na la nyuma yake. Mikono yake ilikuwa inahangaika na funguo.

"Shemeji, hapo…" akasema. "Hapo sina hakika."

"Huna hakika na nini?"

"Kama ndiye."

Nikasimama. Nilidhani ananifanyia utani, maana mashemeji tunataniana. Lakini uso wake haukuwa wa utani.

"Kibao nilikiandika mwenyewe, jina lake, kwa rangi," akasema. "Mchwa wakakila chote. Mvua nazo zikashusha udongo. Siku ya Idi nikaja nimsomee dua, sikumpata. Nimerudi tena na tena. Ni moja kati ya haya matatu, shemeji, lakini lipi, Mungu ndiye anajua. Mimi ndiye niliyeingia shimoni kumpokea. Nimemlaza kwa mikono yangu hii. Halafu sijui nimemlaza wapi."

Mwenyekiti wa kijiwe akakaa chini mavumbini, akalia kwa sauti.

Nilitaka kumpiga na ile kofia. Kumbe uanachuoni wote ule, marufuku zote zile, kunizungusha mjini mpaka mlangoni kwake, ni hili tu.

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambiaje? Nije nikwambie, shemeji, nimempoteza mumeo?"

Nikamtazama akijifuta kamasi kwa mkono wa shati, na hasira ikaniponyoka bila ruhusa yangu. Alikuwa amembeba ndugu yake peke yake muda wote ule, na wa kumsaidia kumshusha hakuwa naye. Halafu nikakumbuka nilichokifanya muda mfupi uliopita. Labda nilikuwa nimemfokea mume wa mtu. Nimemweleza habari za kitanda changu na suruali iliyopasuka, maskini, na huenda alikuwa mtu wa heshima zake. Kicheko kikanitoka nikajishika tumbo. Awadhi akaniangalia kwa woga, akadhani nimerukwa na akili, kisha na yeye akaanza kucheka, machozi hayajakauka.

Tulipotulia nikamwambia aje tufanye kazi. Tukang'oa majani kwa mikono kwenye makaburi yote matatu, tukapandisha udongo, tukaokota mawe na kuzungushia lile la pili na la tatu pia, yafanane. Awadhi akanyanyua mikono akawaombea dua wote kwa pamoja. Akamaliza, akasema twende jua limekuwa kali.

"Tangulia," nikamwambia. "Mimi sijamaliza."

Akaenda kunisubiri barabarani. Nikasimama katikati yao, pale ambapo wote wangenisikia, nikajifunga kanga vizuri.

"Asalaam alaykum, waume watatu," nikasema. "Mmoja wenu ni wangu, na anajijua. Uliondoka bila kuaga, na nimekasirika, na nilikupenda, na bado nakupenda, mjinga wewe. Na nyie wawili wengine, kama wake zenu bado hawajapata usafiri wa kuja, chukueni maneno haya haya yangu."