Dirisha la Masijala

Mkurugenzi wetu wa zamani alikuwa mtu wa watu, na hilo ndilo lililotuchanganya miaka yote ile. Alijua majina ya watoto wetu. Ukifiwa, alikuwa wa kwanza kufika. Lakini ukimpelekea faili, lilirudi na neno moja la wino mwekundu: "Nione." Ukimwona, anakuamulia kila kitu, kisha mambo yakienda mrama, kosa ni lako. Tukambandika jina la Nione. Mimi ni karani wa masijala, mtunza mafaili ya halmashauri nzima, na kwa miaka kumi na minne kila Jumapili jioni nilianza kuiogopa Jumatatu. Mume wangu, fundi cherehani, alinitania, "Mama watoto, acha kazi uje unishonee vifungo." Mwishoni nilikuwa sioni tena kama ni utani.

Nione akahamishwa, akaja mtu wa kununa. Salamu anaitikia nusu, na tabasamu utadhani analilipia kodi. Wiki ya kwanza nikampelekea faili la malalamiko. Akina mama wanaofuata vyeti vya kuzaliwa walikuwa wakipanda mpaka ghorofa ya pili na vichanga mgongoni, wanaambiwa faili liko chini. Wakishuka, wanaambiwa mhuri uko juu. Nikaandika kama tulivyozoea: "Naomba maelekezo."

Akalisoma, akanisukumia mezani.

"Hiyo masijala ni yangu au yako?"

"Yako, bosi."

"Mimi hata mlango wake siujui. Wewe unashauri nini?"

Jibu nilikuwa nalo miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza! Hatimaye likanitoka: masijala iko chini, ukuta wake mmoja unatazama kibarazani. Tutoboe dirisha pale, mhuri ushuke, mama amalize shida zake mahali pamoja.

"Toboa," akasema, akasaini.

Tukatoboa. Mhandisi wa majengo, ambaye kazi yake ilikuwa kushinda mlangoni akitazama magari, alikuja na futi kamba yake, akapima mara tatu na kugombana na mafundi kwa raha zote. Mpiga chapa, aliyekuwa akiumwa kichwa kila Jumatatu bila kukosa, akaanza kufika kazini kabla yangu. Cheti kilichochukua wiki tatu kikawa kinatoka ndani ya saa moja. Na mimi, jamani, nikawa naimba nikipanga mafaili.

Kisha zikaja habari kwamba madiwani wamekasirika. Nani ameruhusu ukuta wa halmashauri uvunjwe? Kikao kikaitishwa Alhamisi, na korido nzima ikanong'ona kwamba dirisha litazibwa na mtu atafukuzwa. Mtu gani, kila mmoja alijua. Nikamwambia mume wangu aandae vifungo, na safari hii hakucheka.

Siku ya kikao mkurugenzi akasimama na ile sura yake ya ndimu.

"Ruhusa nilitoa mimi. Kama ni kosa, ni langu. Wazo ni la huyu mama, na faida yake anaijua yeye. Muulizeni."

Akakaa. Basi! Nilimlaani kimoyomoyo, nikasimama.

Diwani mmoja mwenye sauti ya kipaza akauliza, "Karani anajua nini kuhusu majengo?"

Hapo hasira zikanipanda, na woga ukakosa pa kukaa.

"Majengo siyajui, mheshimiwa. Ngazi nazijua. Ziko thelathini na nane. Kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji, alizipanda mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu alikaa katikati akalia, nikampelekea maji. Tangu tufungue dirisha, hakuna aliyelia pale. Kama ukuta una thamani kuliko yule mama, lizibeni dirisha leo. Mchanga uliobaki bado uko nje."

Diwani mzee wa nyuma kabisa akafuta miwani yake, akasema, "Binti yangu mwenyewe alizipanda hizo ngazi," akanyoosha mkono dirisha libaki. Wakafuata wengine. Yule wa sauti ya kipaza akanyoosha wa mwisho, taratibu, kama anavutwa kwa kamba. Mwenyekiti akahesabu: wote. Akaongeza kwamba idara ya ardhi na ya maji nazo zifungue madirisha, na msimamizi awe karani wa masijala.

Msimamizi! Mlangoni mhandisi akapiga kigelegele kama bibi harusi ni dada yake. Machozi yakanitoka mbele ya waheshimiwa wote, ya furaha tupu, wala sikuyafuta.

Mkurugenzi akanisogelea, amenuna vilevile. "Kuna foleni dirishani."

"Mpiga chapa yupo, bosi," nikamwambia. "Niache kwanza nifurahi."

Akaniacha.