Milango ya Hisanaga

Kila asubuhi Hisanaga Tokuji alisimama nje ya duka la vyakula hapo mjini Yaizu, akingoja mtu mwingine aje ndipo mlango wa kioo ufunguke. Kwenye orodha ya wanasoka wastaafu wanaopendwa, ile ambayo Wajapani huipigia kura kwenye simu, alikuwa wa elfu nne na ushei, na kwa nafasi hiyo milango ya umeme haimjali mtu. Alipokuwa wa tatu, ilimfungukia akiwa bado ng'ambo ya barabara anafunga baiskeli. Raha iliyoje siku zile! Wauza jodari waliacha visu wamtazame akipita.

Mlango mmoja tu ndio uliomuuma, wa uwanja wa klabu yake. Walimchoma sindano ya goti acheze fainali, goti likaisha, wakamwacha bila hata mechi ya kumuaga. Alitamani kuzikanyaga nyasi zile mara moja tu kabla hajafa.

Jumanne moja mlango wa duka ulifunguka ghafla, hakuna aliyekuja. Ukafunguka wa posta, kisha wa kinyozi, ambao ni wa kusukuma kwa mkono.

Akapigiwa simu na Segawa, kipa wao wa zamani.

"Marehemu, hujambo?"

"Marehemu nani, wewe mzee?"

"Gazeti limekuzika leo. Umekuwa wa kwanza kwenye orodha, bwana! Jumamosi klabu inakufanyia mechi ya kukuaga."

"Usiwaambie kitu."

"Niwaambie nini, na rambirambi nimeshatoa?"

Jumamosi mlango wa uwanja ulifunguka akiwa bado kwenye basi. Alichoma udi mbele ya picha yake mwenyewe, ya enzi za nywele nyingi, akainama. Mama mmoja alimpa leso.

"Ulimfahamu, baba?"

"Kidogo tu, mama."

Alivua viatu akaingia uwanjani. Nyasi zilikuwa na ubaridi uleule. Jukwaani waliimba ule wimbo wao wa kumwita apewe mpira, naye akalia bila kujificha.

Mwenyekiti wa klabu akashika kipaza sauti. "Huyu alikuwa mtoto wetu. Hatukumwacha kamwe."

"Mliniacha!" Hisanaga alipaza sauti. "Mliniacha na goti langu!"

Watu walimtazama, wakaitazama picha, wakapiga makofi ya adabu. Mwenyekiti aliinama, akaomba radhi kwa kosa la gazeti, akaahirisha mechi kwa kuwa wa kuagwa yupo. Habari za goti hakuzigusa. Picha ikateremshwa, na watu wakaondoka huku wakizifuta kura zao.

Hisanaga na Segawa, aliyekuwa jukwaani, walikuwa wa mwisho kufika mlangoni. Haukufunguka.

"Usinitazame mimi," Segawa alisema. "Mimi hata kwenye orodha sijawahi kuwemo."

Wakakaa kwenye ngazi kungoja mtu wa usafi. Soksi za Hisanaga zilikuwa na vipande vya nyasi, naye hakuvipangusa.