Kirusi Kwenye Flashi ya Mama

Ukutani mwa duka la uchapaji la Mama Chapa palikuwa na tangazo alilolichapa mwenyewe kwa herufi za ukubwa wa ngumi: FLASHI YAKO NI MGONJWA WAKO. HAICHOMEKWI HAPA MPAKA IPIMWE. Wateja walicheka, ila yeye hakuwa akitania. Mwaka juzi alipokea flashi ya mteja mmoja mcheshi, na kufumba na kufumbua mafaili yote ya dukani yakavurugika, pamoja na tasnifu ya msichana aliyekuwa akiisubiri pale pale kwenye benchi. Msichana yule alilia mpaka duka likafungwa. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu siku hiyo kila flashi kwa Mama Chapa ilikuwa unyasi.

Sasa flashi iliyomkosesha raha ilikuwa ya mama yake mzazi.

Mama alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mitano, tena mkunga mwenye domo, aliyejua kumtania mzazi mpaka uchungu ukasahaulika. Miezi mitatu iliyopita kiharusi kilimpiga. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yote yakamtoroka isipokuwa matatu. "Maji" na "hapana" yalieleweka. La tatu lilikuwa "ki-usi", na familia nzima ilikubaliana kwamba anautaja ugonjwa wake, kiharusi, ila ulimi haufiki. Kila asubuhi, baada ya shikamoo, Mama Chapa alimwuliza, "Mama, mimi nani?" Mama alimtazama usoni, akajikusanya, akasema, "Ki-usi." Mama Chapa aligeuka upesi kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Siku hiyo mezani palikuwa na fomu ya kliniki ya mazoezi ya usemi, ya kurudishwa kabla ya saa tisa alasiri. Nafasi zilikuwa chache. Swali la nne liliuliza: Je, mgonjwa anawatambua watu wake wa karibu? Ukijibu hapana, mgonjwa alirudi nyuma ya foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya mwaka mzima. Mama Chapa amechapa vyeti vingi maishani mwake na hajawahi kughushi hata kimoja. Kalamu ilikuwa mkononi tangu asubuhi, na swali la nne bado jeupe.

Alipokuwa akitafuta kadi ya kliniki ndani ya mkoba wa zamani wa mama, ndipo akaiona hiyo flashi, imefungwa kwa kipande cha bendeji. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la duka, akashtuka nusura aanguke.

"Ki-usi! Ki-usi!" Mkono wake mzima, ule wa kushoto, ukaelekea kwenye flashi, ukahamia kwa Mama Chapa, ukarudi kwenye flashi.

Fundi wa kompyuta, mzee mwenye upara na utani usioisha, alikuwa amechuchumaa akizibua printa. Akainua kichwa. "Dada, huyo hasemi kiharusi. Sikiliza vizuri. Anasema kirusi! Mama anakuonya, flashi ina kirusi."

Mama Chapa akaiachia mezani kama kaa la moto. "Basi naitupa."

"Hapana!" alisema mama, na neno hilo halikuhitaji mkalimani.

"Lete nipime," alisema fundi. Alikuwa na kompyuta yake kuukuu, isiyounganishwa na chochote, aliyoiita Kondoo wa Sadaka. Akachomeka. Yakatokea mafaili mawili: "harusi.txt" na "kirusi".

"Si unaona!" Mama Chapa akamshika mkono. "Jina lenyewe linakiri!"

"Tulia. Jirani yangu anaitwa Simba, na anaogopa paka. Usitazame jina, tazama mkia." Akabofya mahali, na mikia iliyokuwa imefichwa ikajitokeza. Lile la kwanza likageuka kuwa "harusi.txt.exe". "Ahaa! Umemwona mwizi? Amevaa kanzu ya maandishi, kumbe ndani ni programu. Huyo ungembofya, angefanya kazi aliyotumwa." Akamfuta. "Lakini huyu wa pili mkia wake ni .txt tu. Ni maandishi matupu. Kompyuta inayasoma tu, haiyatii. Wewe ukiandika neno 'moto' kwenye karatasi, karatasi inaungua?"

"Haiungui."

"Ndiyo hivyo. Kirusi kinataka mtu wa kukitekeleza, na hapa hakuna. Fungua mwenyewe."

Mama Chapa akamtazama mama. Mama alikuwa ameacha kupiga kelele, anasubiri. Akafungua.

Yalikuwa maandishi ya mtu anayechapa kwa vidole viwili, karibu bila herufi kubwa:

*leo nimestaafu wacha niandike kabla sijasahau. binti yangu nilikuwa naenda naye kazini, namlaza kwenye kikapu cha shuka safi. alikuwa akicheka, mzazi wa kitanda cha kwanza anacheka, wa pili naye, mpaka wa mwisho kabisa mwenye uchungu. sista mkuu akasema huyu si mtoto huyu ni kirusi, anaambukiza wodi nzima. basi wodini tukamwita Kirusi. nyumbani baba yake alikataa, akasema mtoto haitwi jina la ugonjwa, nikaacha, hata mwenyewe sikumwambia. lakini moyoni sijawahi kumwita jina lingine.*

Mama Chapa alisoma mara mbili. Kisha akaona aibu, aibu ya mtu aliyebishiwa hodi miezi mitatu mlangoni pake akadhani ni upepo. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Haya, nimekosea mimi," fundi alisema polepole, akijifuta upara. "Faili la maandishi limebeba kirusi. Tena kikubwa, kimekaa mbele yangu kinalia."

Kicheko kikamponyoka Mama Chapa katikati ya kilio. Fundi akakidaka. Kwenye kiti karibu na dirisha, mdomo wa mama ukapanda upande mmoja, mabega yakaanza kutikisika, na sauti ikatoka, nzito na iliyopinda, lakini kicheko kamili.

Mama Chapa akachukua kalamu. Kwenye swali la nne akaandika NDIYO, akapigia mstari. Saa nane ilikuwa bado haijafika. Akaenda akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mama, mimi nani?"

Mama akajikusanya, akamtazama usoni, kama kila asubuhi. "Ki-usi."

"Abee, mama," akaitika.