Jipu Lisilo na Kutu

Sindano ya cherehani ilikatika pale binti yake aliposema neno "lake."

"Baba mkubwa anauza jipu lake," ndivyo alivyosema, akiwa bado mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi na matope hadi magotini. "Mama, ungeliona! Halijaguswa. Rangi ni ileile ya kiwandani, imefifia tu. Na kutu hakuna, hata ya dawa. Gari la umri ule!"

Mama Turubai, kama alivyoitwa na mtaa mzima kwa sababu alishona maturubai na mahema, alichomoa kipande cha sindano kwenye kitambaa, akakitupa ndani ya kopo.

"Jipu la nani?" aliuliza.

"La baba mkubwa, nimekwambia. Lile alilolifungia kwenye ghala lake la mbao. Anasema ananiuzia mimi kabla hajamwonyesha mtu mwingine, kwa kuwa mimi ni damu yake."

"Damu yake," mama alirudia, akatafuta sindano nyingine.

Binti alikuwa daktari wa mifugo. Ng'ombe wake waliugulia milimani, kwenye njia ambazo gari dogo lilizikimbia, na masika yaliyopita pikipiki ilikuwa imemwangusha korongoni akavunjika mkono. Alikuwa amezunguka kila yadi akitafuta gari la kazi. Yote aliyoonyeshwa yalikuwa yamepigwa rangi juu ikang'aa, kumbe ukikanyaga sakafu, mguu unagusa barabara. Sasa amepata zima. Alikuwa anacheka kama mtoto.

Ndiyo maana mama yake alishindwa kusema hapo hapo kwamba jipu lile lilikuwa la baba yake.

Mumewe alilinunua kwa jasho, akalipenda kuliko nguo zake. Kila kiangazi alilala chini yake na brashi, akilipaka oili chafu tumboni ili kutu isipate pa kushika. Alipofariki, binti alikuwa bado ananyonya. Kabla machozi hayajakauka, kaka mkubwa wa marehemu alikuja, akauchukua ufunguo kwenye msumari ukutani, akasema mbele ya watu: "Wewe bado kijana, shemeji. Kesho utaolewa. Unataka gari la ndugu yangu likambebe mwanaume mwingine?" Hakuna aliyefungua mdomo. Yeye naye hakuolewa tena. Mahema ya wateja aliyasukuma kwa mkokoteni, kupanda na kushuka, huku jipu limekaa kivulini kama bwana harusi. Na mtoto hakumwambia neno. Alitaka awe na ndugu wa kuwaamkia. Akameza. Lakini moto ukiumeza hauzimi kwa sababu tu umefika tumboni.

"Twende tukalione," alisema, akavua aproni.

Walimchukua fundi magari wa jirani, kijana mrefu aliyeitwa Spana, wakaenda wote watatu.

Ghala lilinuka unga wa mbao. Shemeji yake aliwapokea mlangoni, ufunguo unaning'inia kwenye kidole, tumbo limetangulia.

"Shikamoo, baba mkubwa," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Aa, na shemeji umekuja! Karibuni, karibuni. Leo ni siku njema."

Mama Turubai alikuwa analitazama jipu. Lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Bonde la ubavuni, pale mumewe alipogonga mwamba akacheka mwenyewe, lilikuwepo. Na paa la turubai, alilolishona yeye kwa mkono kabla hajamiliki cherehani, lilikuwepo, mishono yake mikubwa ya kijana asiye na subira ikionekana mmoja mmoja.

Spana aliingia chini na nyundo ndogo. Akagonga fremu, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Kila mahali chuma kilijibu kwa sauti kavu.

"Safi," alisema kutoka chini. "Daktari, hii fremu ni mfupa mtupu. Sakafu nzima. Kuna mtu alilipaka oili humu ikagandana, kutu imekosa hata pa kuomba hifadhi. Mpira huu na ule umekauka, breki zinataka kufunguliwa, basi. Ningekuwa na hela ningekuwahi."

Binti alimgeukia mama yake macho yakiwaka. Mzee mwenye ghala akapandisha bei kwa maneno, maana wauzaji ndivyo walivyo.

"Nimelitunza kama mboni ya jicho," alisema. "Kila Ijumaa, mvua inyeshe, jua liwake, naliwasha. Toka liingie humu halijawahi kukataa kuwaka hata siku moja."

Mkono wa Mama Turubai ulikuwa juu ya turubai. Ukaganda.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini, shemeji?"

"Hapo pa kuwaka."

"Halijakataa hata siku moja. Betri naibadilisha kabla haijachoka. Gari ni betri."

"Betri," alisema. Sauti ilianza ndogo, kama maji kabla hayajachemka. "Uliniambia betri imekufa."

"Lini hiyo?"

"Mtoto alipopata degedege. Mvua imekata barabara, magari madogo yote yamekwama. Nikaja hapa, mlango huuhuu, nikapiga magoti kwenye tope, nikakwambia shemeji nakuomba, mpeleke mtoto wa ndugu yako hospitali. Ukasimama hapo hapo ulipo. Ukasema, 'Pole shemeji, betri imekufa.' Ukafunga mlango. Nikambeba mgongoni, nikavuka mto maji yakiwa kifuani, namsikia anakakamaa, halafu simsikii kabisa. Simsikii! Na gari la ndugu yako linawaka!"

"Hayo mambo ya zamani—"

"Mtoto mwenyewe si huyo hapo, unamuuzia!"

Nyundo ilikuwa imenyamaza chini ya gari.

"Wewe fundi, endelea na kazi," mzee alifoka.

"Nimemaliza, mzee," Spana alijibu. "Lakini huku kuna baridi nzuri. Nabaki kidogo."

Binti alikuwa amekuwa mweupe midomoni. "Mimi?" aliuliza. "Mama, ni mimi? Na gari la ndugu yako maana yake nini? Baba mkubwa, hili jipu ni la nani?"

"La ukoo," mzee alisema haraka. "Marehemu alikuwa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyebaki. Mali haiachwi ikatangatanga."

"Ni la baba yako," Mama Turubai alisema. "Alilipata kabla hajanioa. Huyu aliuchukua ufunguo ukutani kwangu wewe ukiwa kwenye titi. Oili anayoisifu fundi aliipaka baba yako. Hili paa nimeshona mimi, kidole hiki sindano ikakitoboa hadi kucha. Yeye alichokifanya ni kufunga mlango tu."

Mzee akapandisha mabega. "Sasa mmekuja kununua au kunitukana kwangu? Nina mnunuzi mjini, anayataka magari kama haya yasiyoguswa. Nimewaita kwa huruma."

Binti aliweka kiganja juu ya boneti. Mama yake aliona jinsi alivyolitaka. Naye, Mungu amsamehe, alilitaka pia. Alitaka mtoto akae pale alipokaa baba yake. Na hakutaka hata senti moja iingie katika mfuko ule. Mambo hayo mawili yalimvuta huku na huku mpaka kichwa kikauma.

"Mama, nifanye nini?" binti aliuliza.

"Usiniulize mimi. Mtu mwenye hasira haulizwi bei."

Binti alifikiri. Kisha akamgeukia mzee, na heshima yote ya asubuhi ilikuwa imemtoka.

"Nalinunua," alisema. "Bei yako hiyohiyo, sipunguzi. Lakini kwanza sema, mbele ya fundi, kwamba ulimnyang'anya mama. Sema tu. Nalipa leo."

Mzee alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Hela ilikuwa pale, hatua moja. Kilichohitajika ni neno.

"Mimi," alisema mwisho, "siwezi kujidhalilisha kwa mwanamke kwa ajili ya chuma."

"Basi baki na chuma," Mama Turubai alisema. Akapanda juu ya bampa, mwanamke mzima na magoti yake mabovu, akaanza kufungua kamba za turubai.

"Unafanya nini? Shemeji! Hiyo ni sehemu ya gari!"

"Niite mwizi. Paza sauti, majirani wasikie. Sema nimekuibia nini, halafu uwaambie nani alikishona."

Mzee hakupaza. Spana alitambaa kutoka chini, akafungua kamba za upande wa pili bila kuombwa. Wakalikunja paa, Mama Turubai akalitupa begani, wakatoka na vumbi lake.

Walipofika kwenye karakana ya mama ndipo binti alipolipuka, na hakumlipukia baba mkubwa.

"Nimemwamkia maisha yangu yote! Nilipomaliza chuo nilimpelekea zawadi! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie uwe na chuki? Nilitaka uwe na ndugu."

"Umenipa ndugu wa uongo! Na wewe ulikuwa unaniangalia nikimshika mkono, unanyamaza! Hilo ni jipu mama, jipu kweli, umekaa nalo hadi limeoza!"

Mama Turubai alitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake aliketi juu ya robota la kitambaa. "Nilikuwa na hasira sana," alisema, "nikaogopa nikianza kusema sitaacha." Binti aliondoka na pikipiki, na siku kadhaa hakupiga simu.

Spana, aliyesema amebaki chini kwa ajili ya baridi, alikuwa amesikia kila kitu, na hakuwa mtu wa kula peke yake. Kufikia jioni safu nzima ya gereji ilikuwa na habari. Kesho yake sokoni watu walikuwa wanaisimulia kwa mikono. Mnunuzi wa mjini alikuja, akaona gari halina paa, akauliza paa liko wapi, akajibiwa na mpasua mbao mmoja aliyekuwa hapo. Akafunga mkoba wake. Alisema yeye hununua magari, hanunui kesi. Lililomuuma mzee zaidi lilikuwa nyumbani. Mkewe hakuwa anajua habari ya degedege. Alimwekea chakula mezani bila kumsemesha, akaenda kulala chumba cha watoto.

Hata hivyo alikawia. Kiburi ni mzigo, lakini aliyeuzoea hautui upesi. Siku moja asubuhi, Mama Turubai akikata kitambaa, alisikia mngurumo barabarani, akaujua kabla hajainua kichwa. Jipu lilisimama mbele ya karakana. Mzee akashuka. Watu wa mtaa walitoka, kila mmoja akijifanya ana shughuli. Binti alikuwa ndani, amekuja kwa mara ya kwanza tangu ugomvi, akinywa chai bila maneno mengi.

"Shemeji," mzee alisema. "Nimefikiri. Huyu ni mtoto wetu sote. Nimeamua nimpe zawadi."

Mkasi uligonga meza. "Zawadi?"

"Bure kabisa. Sitaki hela."

"Zawadi hutoka kwa mwenye mali," Mama Turubai alisema, akatoka hadi mlangoni. "Ulinipokonya mchana kweupe, na bado unataka nikushukuru! Lirudishe ghalani."

"Sasa unataka nini? Chukueni basi. Nimewaachia."

"Hujatuachia. Tafuta neno lake."

Mzee alitazama barabara upande huu na upande ule. Wote walikuwa pale: mwuza vocha, wanawake wa ndoo, Spana na sandwichi yake mdomoni. Jasho lilimtiririka masikioni.

"Narudisha," alisema chini chini.

"Sikusikia."

"Narudisha! Nilichukua, narudisha. Lilikuwa la ndugu yangu, likawa lako. Na siku ile ya mvua... betri ilikuwa nzima."

Akaweka ufunguo juu ya meza ya kukatia, akasimama kama anayengoja kitu. Labda alingoja kiti. Labda alingoja aambiwe yamekwisha. Mama Turubai alimtazama. Alikuwa amedhani kwamba akilisikia neno hilo, moto utazimika, na mwili utakuwa mwepesi. Haukuwa mwepesi. Kilichomjia ni mkokoteni, na mto, na miaka yote, na hakuna aliyekuwa ameirudisha hiyo.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Ujue hivyo. Ukifika nyumbani mwambie mkeo umesema. Nenda."

Akaenda kwa miguu, na mtaa ukampisha bila kumsalimu.

Mchana ule binti aliitwa milimani, ng'ombe ameshindwa kuzaa. Mama yake alipanda naye bila kuombwa. Upepo uliwapiga usoni, gari likakwea mawe likilalamika kama mzee lakini likikwea. Mama Turubai alishika mpini mbele yake kwa mikono miwili, na machozi yalimtoka, ya hasira, si ya furaha, akayaacha yatoke.

Binti hakumwambia anyamaze. Alibadilisha gia, akakosea, gari likaruka.

"Baba alikuwa anaendeshaje?" aliuliza.

"Vibaya," mama alisema, akijifuta kwa kitambaa cha kichwa. "Vibaya sana. Kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nilikuwa namwambia kila siku atatuua."

"Na yeye anasemaje?"

"Anaimba."

Binti alicheka, akakata kona, na mama yake akaanza kumsimulia.