Ngumi Zilizomkosa Aruna

Phinées alikuwa amelala chali chini ya lori, anakaza boliti ya springi, wakati Aruna alipomwuliza kama mlevi anaweza kumshinda mtu asiyelewa.

"Mulevi?" Phinées alijibu kutoka huko chini. "Mulevi anapigwaka na mulango ya nyumba yake mwenyewe. Ile ni sinema, Aruna. Nipatie clé ya dix-sept."

Aruna akampa spana. Ilikuwa Beni, mchana wa joto, katika miaka ile ambapo waasi walikuwa wamekwisha kuwa serikali na watu wamekwisha kuzoea. Aruna alikuwa dereva. Alichukua chumvi na sabuni mpakani Kasindi, akalala Beni kwa mkewe, kisha akapanda milima hadi Butembo kwenye baridi. Phinées alikuwa fundi wake, na zaidi ya fundi, maana walikuwa wamesafiri pamoja tangu lori lilipokuwa bado na rangi. Mmoja aliswali, mwingine aliimba besi katika kwaya ya Waprotestanti. Wote wawili hawakuwahi kuonja pombe, na hilo ndilo lililowapatanisha mwanzoni.

Aruna alikuwa amekiona kitu hicho kwenye chumba cha video karibu na soko. Mzee mmoja wa Kichina, suruali imechanika, kibuyu mkononi, alikuwa anapepesuka katikati ya watu wenye hasira, na hakuna aliyemgusa. Chumba kizima kilicheka. Aruna hakucheka. Aliona kwamba yule mzee hakuwa anaanguka; alikuwa anakataa tu kuwa mahali ngumi inapokuja. Tangu siku hiyo, kila alipokuwa Beni, baada ya swala ya alasiri alikwenda nyuma ya gereji, katikati ya mapipa ya mafuta, akajifunza. Alikunja vidole kama mtu aliyeshika kikombe. Alilegeza magoti kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Mvua kubwa zilipoanza, mtindo huo wa kupigana kilevi ulikuwa umemwingia. Kilichotangulia ni harufu. Amina, mkewe, aliisikia siku moja akimpelekea maji ya kutawadha: harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi iliyoiva barabara. Hakusema kitu. Alifua mashati ya mumewe mara mbili na kuyaanika mbali na ya watoto. Lakini majirani wana pua, na neno likafika msikitini. Imamu akamwita Aruna pembeni, akamwomba afumbue kinywa, akanusa. Kisha, baada ya kuomba radhi, akainama na kunusa miguu.

"Kinywa iko safi," imamu alisema. "Inatoka kwa visigino. Endelea kuswali, ila nawa miguu muda mrefu kidogo."

Aruna akafanya hivyo. Kuku waliokanyaga nyayo zake uani waliegemea ukuta mpaka jua lilipopanda, kisha wakaendelea kudonoa. Maisha yaliendelea pia.

Baadaye aliweza kulala nyuma hadi nywele zikapangusa vumbi, na akabaki hivyo akizungumza habari za matairi. Phinées alijaribu kumzaba kofi. Mkono ulipita hewani.

"Bon," Phinées alisema, akiutazama mkono wake. "Mais miye niko rafiki yako, nakupigaka na huruma. Kwa vita ya kweli mutu anakupiga na chuki. Chuki haikosaki."

"Huruma na chuki zote ziko na mukono moja."

"Hapana. Utaona siku yake."

Walibishana hivyo kilomita nyingi, na ubishi uliwafupishia safari.

Katikati ya Beni na Butembo, mahali mlima unapoanza kuwa mkali, askari walikuwa wameweka barieri: mti mmoja juu ya mapipa mawili. Mkubwa wao aliitwa komanda Maliro. Mwanzoni kila gari liliacha mfuko wa chumvi au sabuni. Baadaye magari yalianza kuacha watu. Mwanamume mwenye afya aliambiwa ashuke, akapewa jembe, akatelemshwa kwenye handaki lililochimbwa ubavuni mwa mlima kwa ajili ya vita ambayo hakuna aliyeieleza. Wengine walirudi nyumbani. Wengine bado walikuwa wanachimba.

Aruna alikuwa kitandani kwa malaria siku ambayo Phinées alipanda na dereva mwingine. Yule dereva alirudi peke yake. Siku zikapita, kisha Jokébed, mke wa Phinées, akaja kwa Aruna na mtoto mgongoni. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai.

"Banasema anachimba," alisema. "Wiki ilishapita. Kanisa inaomba. Na weye, shemeji, unafanya nini?"

Amina ndiye aliyejibu.

"Ataenda kesho."

Kesho yake asubuhi Aruna alifika kwenye barieri, homa bado haijamtoka vizuri. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Watu walikuwa wamepanga mstari wakingoja kuruhusiwa kupita, na wa kwanza alikuwa Kaswera, mama wa makamo aliyejulikana njia nzima kwa biashara yake ya mboga; nyuma yake mzee mmoja na mbuzi wake, na wengine waliopotelea katika weupe. Aruna alipita mbele yao, akaomba kusema na komanda.

Maliro alikuwa amekaa kwenye kiti cha shule. Alisikiliza habari ya fundi kwa adabu, kisha akaweka kando kikombe chake.

"Weye ndiye unachezaka kilevi? Nilisikia habari yako. Nilionaka zile video kule Beni. Siku zote najiuliza: ile kitu inafanyaka kazi, ama banatudanganya?"

"Sijui, komanda. Sijapigana bado."

"Donc tuone. Ikifanya kazi, beba fundi yako. Ikikataa, mutachimba bote wawili."

Aliita askari mmoja mkubwa mwenye shingo fupi. "Yaka! Piga huyu papa vizuri. Hapana kumuchekea."

Askari akavua koti, akamkabidhi mwenzake bunduki, akaja. Aruna alisimama na mgongo wake kwa mstari wa watu. Alisikia visigino vikipata joto. Harufu ya kasiksi ikapanda, ikaingia katika ukungu, na ukungu ukawa mtamu. Mlima uliinama kidogo upande wa kushoto, na mikaratusi ikainama nao ili isianguke. Ngumi ya kwanza ilikuja na chuki yote ambayo Phinées alikuwa ameitabiri, ikapita mahali shavu la Aruna lilipokuwa.

Baada ya hapo hakuwa na kazi nyingi. Mwili ulijiendea. Alilala juu ya hewa kama mtu aliyelala kitandani kwake, akajigeuza, akajimiminia kinywaji kutoka kibuyu kisichokuwapo. Usingizi mtamu ulimjia, kama ule wa mtoto anayebebwa mgongoni sokoni huku mama anaongea na watu. Ngumi zilipita juu yake, chini yake, kandokando. Nyuma alisikia vishindo vidogo, kama mtu anayekung'uta blanketi, akadhani ni viatu vya askari. Hakumpiga yule askari hata mara moja. Mwishoni askari aliketi chini mwenyewe, akashika magoti, akaomba maji.

Maliro alipiga makofi. Kwa mambo ya sinema alikuwa mtu wa haki.

"Inafanya kazi," alisema. "Mutoe fundi."

Ndipo Aruna alipogeuka.

Kaswera alikuwa ameshika taya. Mzee wa mbuzi alikuwa anatoka damu puani na kuifuta kwa kofia. Nyuma yao msichana mmoja alikuwa ameweka kiganja sikioni, na kadiri ukungu ulivyofunguka, Aruna aliona mwingine, na mwingine, kila mmoja ameshika pahali pake. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wamezipokea ngumi zile kama vitu vyote vilivyopokewa kwenye barieri ile.

"Papa," Kaswera alimwambia, "ile ngumi ilikuwa ya kwako."

Alisema bila hasira, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichoangusha.

"Unisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Mais ilikuwa ya kwako."

Phinées alipandishwa kutoka handakini. Alikuwa amekonda, matope yamemfika mapajani, na jicho moja limevimba hadi kufunga. Uvimbe ulikuwa mpya.

"Nani amekupiga?" Aruna aliuliza.

"Hakuna mutu. Nilikuwa nachimba tu, ikanifikia." Phinées aligusa jicho. "Ilinuka kasiksi."

Walitazamana. Askari walikuwa wamekwisha kusimamisha basi lililofuata, kwa kuwa jembe la Phinées lilikuwa limebaki bila mtu. Walimshusha mwanamume aliyevaa suti ya harusi. Alimpa mkewe koti, akakunja suruali ili isichafuke, akashuka handakini. Aruna akasogea mbele, magoti yamelegea, tayari. Hakuna aliyemnyooshea mkono. Askari walimzunguka kama watu wanavyozunguka mti uliosimama njiani, na mtindo wake haukuwa na cha kukwepa. Maliro alimwonyesha lori kwa kidevu.

Walitelemka kurudi Beni. Walipofika kwenye joto, Phinées aliuliza.

"Kwa sinema, ngumi ikikosa yule muzee, inaendaka wapi?"

Aruna alibadilisha gia.

"Habaonyeshaki," alisema.

Jokébed alimpokea mumewe mlangoni, akamgusa jicho, akamwingiza ndani na kumwogesha kama mtoto. Kisha alitoka na kumshukuru Aruna kwa mikono yote miwili. Shukrani ile ilimlemea. Nyumbani alimweleza Amina kila kitu: taya ya Kaswera, damu ya mzee, sikio la msichana, suti ya yule bwana.

"Huwezi kuuacha mtindo huo?" Amina aliuliza siku chache baadaye.

"Najaribu. Mwili unakimbia wenyewe. Jana nzi alikuja usoni, nikajikuta niko chini ya meza."

Amina aliendelea kuchambua mchele. "Na yule nzi, alitua kwa nani?"

Aruna alikuwa amemwona alipotua: kwenye kope ya mtoto wao wa mwisho.

Chumvi haingoji. Safari iliyofuata Aruna alikwenda peke yake, maana jicho la Phinées lilikuwa bado halioni vizuri. Kwenye barieri mstari ulikuwa mrefu kuliko siku zote, na askari mwenye shingo fupi ndiye aliyekuwa zamu. Alikuwa anawapiga madereva kofi moja moja kabla ya kupekua mizigo, kwa sababu komanda aliamini kofi linasaidia watu kukumbuka walichoficha. Alipomwona Aruna alitabasamu kama mtu aliyekutana na mwenzake wa timu.

"Papa Kilevi! Leo tunacheza tena?"

"Leo hapana."

Aruna alishuka. Nyuma yake alisikia watu wakijipanga, kikapu kikitua, mtoto akikohoa. Visigino vilianza kupata joto. Basi akageuka, akapitisha mikono yote miwili dirishani mwa lori, akaukumbatia mlango kutoka ndani na nje, akafunga vidole kwa nguvu. Mwili ulivuta kushoto, ukavuta kulia. Lori lote liliyumba na chumvi ikamwagika kidogo kutoka nyuma. Aruna hakuachia.

"Unafanya nini?" askari aliuliza.

"Nasimama."

Askari hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alitema mate mkononi, akarudi hatua nyuma, akaja na ngumi badala ya kofi, maana kulikuwa na deni la heshima tangu siku ile nyingine. Aruna aliiona inavyokuja, kubwa, polepole, na goti lake lilimsihi kama mtoto. Akalikaza.

Ilitua shavuni, ikabaki pale.

Kwa muda hakusikia kitu. Kisha alisikia, nyuma yake, mwanamke akihamisha kikapu kutoka bega moja hadi jingine, akilalamika kwa Kinande juu ya baridi, kwa kinywa kizima kisicho na jeraha. Aruna aliondoa mikono kutoka mlangoni, kidole kimoja kimoja. Askari walipekua lori, wakashusha mifuko waliyoitaka, wakanyanyua ule mti. Yeye akapita.

"Anayefuata," askari aliita, akikunja tena mkono wa shati.